Ghala Limejaa, Chungu Kitupu



Wapendwa wasomaji wetu, kikao cha halmashauri ya walei cha juma lililopita hakikuisha vizuri, na kwa kuwa maneno yaliyosemwa humo yamekwisha kufika hadi kisimani na gengeni, tumeona ni heri tuyaandike hapa kwa utulivu kuliko kuyaacha yaendelee kukua yenyewe. Hoja iliyokuwa mezani ilihusu matumizi ya mfuko wa huruma uliokusanywa wakati wa Kwaresima. Mzee mmoja tunayemheshimu sana, mkulima hodari ambaye jembe lake halijapata kushika kutu, alisimama akasema parokia isihangaike na habari za chakula, kwa kuwa mvua za mwaka jana zilikuwa njema, mashamba yalizaa, na kila anayelia njaa mwezi wa pili aulizwe mwezi wa sita alikuwa wapi. Wajumbe wengi waliitikia. Nasi tulinyamaza, na ukimya wa paroko katika kikao huhesabiwa kuwa ni kura.

Hatukupaswa kunyamaza. Sababu yake ni ya miaka kadhaa iliyopita, na inatuaibisha.

Wakati huo tuliwaomba viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo watuletee orodha ya kaya zenye shida ya chakula. Ili kuwarahisishia kazi, na ili tusionekane kupendelea, tuliweka kipimo kimoja tu: kaya iliyovuna magunia chini ya matano iandikwe. Kiongozi wa Jumuiya moja alikuja na jina la mama mjane, akasita, kisha akalikata kwa kalamu mbele yetu, akisema mama huyu alivuna magunia kumi na moja. Tulimpongeza kwa uaminifu wake. Mwezi Februari mtoto wa mwisho wa mama yule alipelekwa zahanati akiwa amevimba miguu. Ni hapo tulipokwenda kumtembelea, tukaambiwa hesabu yote. Magunia saba yaliuzwa Juni ile ile, tena kwa lumbesa, ili kulipa deni la matibabu ya marehemu mumewe. Mawili yalikwenda kwa aliyemkopesha mbolea. Yaliyobaki yaliliwa na watu sita mpaka yakaisha, na debe moja la mbegu lilikuwa limefungwa darini, halikuguswa.

Tulimwuliza kwa nini hakusema. Alijibu kwa adabu, bila kutulaumu: “Padre, mahindi yapo, tena mengi. Pale dukani barabarani yamepangwa mpaka juu. Pesa ndiyo haipo.”

Duka hilo tulikuwa tukilipita kila siku kwa pikipiki.

Katika kulitafakari kosa lile tulikirudia kitabu tulichokisoma mbio mbio tukiwa seminari kuu, kwa ajili ya mtihani tu. Ni kitabu kuhusu umaskini na baa la njaa, kilichotolewa mwaka 1981 na mwanauchumi wa India, Profesa Amartya Sen, ambaye baadaye, mwaka 1998, alipewa tuzo ya Nobel ya uchumi. Profesa Sen si Mkatoliki, wala kwa maelezo yake mwenyewe si mtu wa dini yoyote. Tunalisema hili mapema asije mtu akadhani tumeanza mchakato wa kumtangaza mwenye heri. Lakini njia iliyomfikisha kwenye somo la njaa inastahili kusimuliwa kwa waamini, maana haikuanzia maktabani.

Alizaliwa mwaka 1933 huko Santiniketan, katika nchi ya Bengali, wakati India ingali chini ya Waingereza. Jina lake alipewa na mshairi Rabindranath Tagore. Babu yake alikuwa mwalimu, na baba yake alifundisha kemia katika Chuo Kikuu cha Dhaka, mji ambao leo ni makao makuu ya Bangladesh. Hakuwa mtoto wa tajiri, lakini alikuwa mtoto wa watu waliokula kila siku.

Mwaka 1943, akiwa na miaka tisa, aliona watu waliokonda wakipita nyumbani kwao kwa makundi, wakielekea Calcutta kuomba. Babu yake alimruhusu awape mchele wote waliofika mlangoni, ila kwa kipimo: kopo moja la sigara kwa kila familia, ili wanaokuja nyuma nao wapate. Mtoto aligawa. Jambo lililobaki likimsumbua mpaka utu uzima ni kwamba shuleni kwake hakuna hata mwenzake mmoja aliyekosa chakula, wala katika ukoo wao hakuna aliyelala njaa. Watu wapatao milioni mbili hadi tatu walikufa katika baa lile, naye hakumfahamu hata mmoja wao kwa jina. Walikuwa vibarua wa mashambani, wavuvi, wasukuma mikokoteni, watu wasio na ardhi. Njaa ilipita katikati ya nchi ikichagua nyumba za kuingia.

Mwaka uliofuata alikutana na mtu mwenye jina. Kulikuwa na ghasia za Wahindu na Waislamu mjini Dhaka. Alasiri moja mtu aliingia langoni mwa nyumba yao akipiga kelele, damu zikimtoka mgongoni. Alikuwa Mwislamu, kibarua wa kutwa, jina lake Kader Mia, naye alikuwa amechomwa kisu katika mtaa wa Wahindu alikokuja kutafuta kazi ya ujira mdogo. Mtoto Amartya alimpa maji. Baba yake alipokuwa akimkimbiza hospitali, Kader Mia alirudia neno moja: mkewe alikuwa amemsihi asiende mtaa ule katika siku zile za hatari, lakini angefanyaje, nyumbani hakukuwa na chakula. Alifia hospitali.

Sen ameisimulia habari hii mara nyingi, na tunadhani tunaelewa kwa nini. Aliyemuua Kader Mia ni mwenye kisu; hata hivyo aliyemtoa nyumbani asubuhi ile ni njaa. Mtu mwenye akiba ya siku tatu angekaa na wanawe mpaka ghasia zitulie. Maskini alilazimika kuchagua kati ya kisu na chungu kitupu.

Asidhani mtu kwamba baada ya hayo kijana huyu alikwenda moja kwa moja kuandika juu ya njaa. Njia ya msomi, kama ya mseminari, ina kona nyingi. Akiwa chuoni Calcutta, na umri wa miaka kumi na minane tu, aligundulika kuwa na saratani ya kinywa, akachomwa kwa mionzi mikali, akapona. Alikwenda Cambridge. Akatumia miaka mingi katika hesabu ngumu za namna jamii inavyoweza kufanya uamuzi wa pamoja ilhali kila mtu ana matakwa yake, hesabu ambazo sisi tulijaribu kuzisoma tukashindwa ukurasa wa pili. Ilipita zaidi ya miaka thelathini tangu kopo lile la sigara mpaka alipoketi kupekua takwimu za mwaka 1943. Kazi ile ilifanywa kwa ajili ya Shirika la Kazi Duniani, na jambo hilo lina maana yake, kwa sababu swali lililoulizwa lilihusu kazi na kipato cha maskini, si mvua peke yake.

Sasa tuseme alichokikuta. Maelezo ya serikali yalikuwa kwamba mchele ulipungua. Ni kweli kulikuwa na kimbunga mwezi Oktoba 1942, na Wajapani walikuwa wameiteka Burma, mchele wa huko usije tena. Lakini Sen alipojumlisha mavuno na bidhaa zilizoingizwa, alikuta kwamba chakula kilichokuwapo Bengali mwaka 1943 kilipungua kama asilimia 5 tu chini ya wastani wa miaka mitano iliyotangulia, na kilikuwa kingi kuliko cha mwaka 1941, mwaka ambao hakuna aliyekufa kwa baa la njaa. Kilichotokea ni vita. Fedha za matumizi ya kijeshi zilimwagika Calcutta, wenye ajira za mjini wakapata kipato, serikali ikawauzia hao chakula kwa bei nafuu ili kazi za vita zisisimame, na bei ya mchele vijijini ikapaa mara kadhaa. Mishahara ya vibarua wa mashambani haikupaa nayo. Isitoshe, jeshi lilikuwa limechukua mashua za pwani na kuondoa mchele huko kwa hofu ya Wajapani kuingia, na mvuvi asiye na mashua hana kitu cha kupeleka sokoni.

Katika kitabu kile kuna habari ya vinyozi ambayo haitutoki akilini. Watu walipobanwa na bei, jambo la kwanza waliloacha ni kunyoa, na kinyozi akajikuta anapunguza bei ya kazi yake huku mchele ukipanda. Mikono yake ilikuwa ile ile, wembe ule ule, ujuzi ule ule. Aliamka siku moja akakuta kwamba kazi iliyokuwa ikimlisha haimlishi tena. Nani angemwita mvivu?

Kumbe mtu hupata chakula kwa njia chache zinazohesabika. Hulima mwenyewe, au huuza kitu alicho nacho akanunua, au huuza nguvu za mikono yake, au hupewa na ndugu, jirani, Kanisa au serikali kwa haki inayotambulika. Njia hizo zikikatika zote kwa mtu fulani, mtu huyo atakufa njaa hata kama ghala la jirani linapasuka. Sen alionyesha jambo lile lile katika jimbo la Wollo nchini Ethiopia mwaka 1973, ambako watu walikufa huku chakula kingine kikisafirishwa kwenda Addis Ababa, kwa sababu Addis kulikuwa na wanunuzi na Wollo hakukuwa na fedha. Alilionyesha pia Bangladesh mwaka 1974: chakula kwa kila kichwa mwaka huo kilikuwa kingi kuliko mwaka mwingine wowote kati ya 1971 na 1975, lakini mafuriko yaliwanyang’anya vibarua kazi za shambani, na wao wakafa kabla hata ya upungufu wa mavuno yenyewe kufika sokoni.

Tulipofika hapo tulifunga kitabu tukafungua Kitabu cha Mwanzo. Wote tunakumbuka hekima ya Yosefu ya kuweka akiba miaka saba ya neema. Tunaihubiri sana. Sura inayofuata baadaye, ya arobaini na saba, huihubiri nani? Humo ghala la Farao limejaa, na watu wa Misri wanalikaribia mwaka baada ya mwaka: kwanza wanatoa fedha zao, kisha mifugo yao, kisha mashamba yao, na mwisho miili yao wenyewe kuwa watumwa. Ghala liliokoa uhai wao, ni kweli, na Maandiko hayafichi bei waliyolipa. Sisi tumekuwa mapadre kwa miaka kadhaa na tunakiri hatujawahi kuitolea homilia sura ile.

Wapo wataalamu waliompinga Sen, na si vema tuwafiche. Mwingereza Alex de Waal, aliyekwenda Darfur baada ya njaa ya miaka 1984 na 1985, aliona kwamba watu wengi kule walichagua kukaa na njaa kwa makusudi ili wasiuze mifugo wala kula mbegu, wakitazama mwaka unaofuata, na kwamba walioondoka duniani waliondoka hasa kwa magonjwa. Tuliposoma hayo tulikumbuka lile debe la mbegu darini. Mama yule hakuwa mzembe wala hakukosa hesabu. Alikuwa akitetea mwaka ujao kwa tumbo la mwaka huu, na aliyelipia ni mtoto. Wala hatusemi mvua si kitu na kilimo si kitu. Mzee wetu wa kikao akipuuza jembe lake hata mwaka mmoja, nusu ya kigango chake itamjua. Tunasema tu kwamba kuhesabu magunia ni kuhesabu nusu ya habari.

Kuna jambo jingine katika habari za Bengali ambalo linawahusu wanaosema njaa si mambo ya kuzungumzwa hadharani. Kwa miezi mingi ya mwaka 1943 serikali haikulitangaza baa lile, na magazeti yalibanwa kwa kisingizio cha vita. Ian Stephens, Mwingereza, mhariri wa gazeti la The Statesman la Calcutta, alichoka kunyamaza, na mwezi Agosti akachapisha picha za watu wanaokufa mitaani. Mwezi Oktoba akaandika tahariri kali. Habari zikafika London, na hatua za msaada ambazo zingepaswa kuanza mapema zikaanza kuchukuliwa. Kutokana na hayo Sen alifikia kauli ambayo imejadiliwa sana duniani: kwamba baa kubwa la njaa halitokei katika nchi yenye uchaguzi wa kweli na magazeti huru, kwa kuwa mtawala anayeogopa kuulizwa huamka mapema. China ilipoteza mamilioni ya watu kati ya 1958 na 1961, na hakuna gazeti la huko lililothubutu kuandika. Sen mwenyewe hakuacha kuongeza kwamba India, pamoja na uhuru wake, imeendelea kuwa na watoto wengi waliodumaa, kwa sababu njaa ya kimya kimya haipigwi picha.

Mwaka 1989 alitoa kitabu kingine juu ya njaa na wajibu wa umma, safari hii akiwa na mwenzake kijana, Jean Drèze. Huyu naye ana habari yake. Ni mwana wa Jacques Drèze, mwanauchumi maarufu wa Chuo Kikuu Katoliki cha Louvain huko Ubelgiji. Wasomaji wetu wapenzi wa historia ya Kanisa watafurahi kujua kwamba mzee Jacques Drèze na Profesa Sen walikuwa miongoni mwa wanauchumi waliokaribishwa Vatikano mwezi Novemba 1990, Baraza la Kipapa la Haki na Amani lilipotaka kusikia maoni ya wataalamu kabla Papa Yohane Paulo II hajatoa waraka wake wa Centesimus Annus wa mwaka 1991. Basi mwana wa mzee huyu alizaliwa mwaka 1959, akaenda India mwaka 1979, akasomea huko udaktari wa uchumi, akakaa na kufanya utafiti katika kijiji kiitwacho Palanpur, na mwaka 2002 akawa raia wa India. Anajulikana kwa kuishi maisha ya kawaida sana, karibu na watu anaowaandikia.

Mwaka 2001 kulikuwa na ukame Rajasthan. Watu walikuwa na njaa, na wakati huo huo maghala ya serikali ya India yalikuwa na nafaka zaidi ya tani milioni 40, nyingine zikioza. Chama kimoja cha kutetea haki za raia kilikwenda Mahakama Kuu ya juu kabisa ya nchi kuuliza swali rahisi: nafaka hii ni ya nani? Drèze na wenzake walikuwa bega kwa bega na harakati hiyo, wakipeleka takwimu na ushuhuda kutoka vijijini. Tarehe 28 Novemba 2001 mahakama iliamuru kwamba kila mtoto katika shule za msingi za serikali na zinazosaidiwa na serikali apewe chakula cha mchana kilichopikwa, chenye nguvu isiyopungua kalori 300, kwa siku zisizopungua 200 kwa mwaka. Kilichopikwa, zingatieni, wala si nafaka ya kubeba kwenda nyumbani. Mwaka 2005 ikaja sheria iliyoahidi kila kaya ya kijijini siku 100 za kazi ya ujira, na mwaka 2013 sheria ya uhakika wa chakula. Na hata baada ya ushindi wote huo Drèze hakupumzika. Aliendelea kuandika jinsi vikongwe wanavyorudishwa mikono mitupu kwa sababu mashine ya alama za vidole haitambui vidole vilivyosuguliwa na jembe maisha yote.

Hapo ndipo tunapotaka kurudi nyumbani, maana na sisi tunayo shule ya msingi, umbali wa kutupa jiwe kutoka kanisani. Hapo hupikwa uji kwa michango ya wazazi: kila mzazi hutoa madebe kadhaa ya mahindi na fedha kidogo ya mpishi. Ni utaratibu mzuri na wazazi wanastahili sifa. Lakini mtoto ambaye mzazi wake hajatoa hukaa chini ya mwembe wenzake wakinywa. Tumewaona. Mwezi Machi tulihesabu kumi na tisa, tukaambiwa hawajachangiwa. Sasa tuulizane kwa hesabu ya kawaida: ni mtoto yupi katika kijiji hiki anayeuhitaji uji ule zaidi, aliyetoka nyumbani kwenye mahindi au aliyetoka nyumbani pasipo mahindi? Utaratibu wetu unamnyima yule ambaye uji ulibuniwa kwa ajili yake, na unafanya hivyo bila mtu yeyote kuwa mbaya. Walimu wanafuata maagizo. Kamati inaogopa kwamba mmoja akisamehewa wote wataacha kutoa. Hofu hiyo tunaielewa, na bado haitoshi kutufanya tumwangalie mtoto wa miaka saba akimeza mate.

Maoni yetu, ambayo tutayaleta rasmi kikaoni, ni kwamba sehemu ya kwanza ya mfuko wa huruma iende shuleni kulipia watoto wote wasiochangiwa, Wakatoliki na Walutheri na Waislamu bila kuuliza, na majina yao yasitangazwe popote, hata na sisi. Sehemu ya pili isubiri mwezi Juni. Badala ya kununua mahindi Februari kwa bei ya juu ili tuwagawie watu waliouza mahindi hayo hayo Juni kwa bei ya kutupa, tununue wakati wa mavuno kutoka kwa wale wanaolazimika kuuza, kwa mizani na si kwa lumbesa, tuhifadhi katika stoo ya kigango, na kuanzia Januari tuwarudishie kwa bei tuliyonunulia pamoja na gharama ya dawa ya kuhifadhi. Nchi yetu ina sheria ya stakabadhi ghalani tangu mwaka 2005, hivyo wazo la mkulima kuweka mazao yake pasipo kuyatupa sokoni siku ya kwanza si geni. Letu ni dogo zaidi na halina makaratasi mengi. Linaweza kushindwa. Panya wapo, dumuzi wapo, na wapo pia watu wa kukopa majina ya wajane. WAWATA wameomba wao washike ufunguo, nasi hatuna pingamizi.

Kuhusu orodha, tunaomba viongozi wa Jumuiya waache kuuliza kaya ilivuna magunia mangapi. Waulize yako wapi sasa, yanadaiwa na nani, na nani katika nyumba ile anaweza kupata kibarua kabla ya Machi.

Liko neno la tatu, nalo litawaudhi wengine. Mkutano mkuu wa kijiji hukutana kila miezi mitatu, na waamini wetu wengi hawaendi. Wanasema ni siasa. Suala la uji wa shule liko chini ya mkutano ule, na parokia haina mamlaka ya kulibadilisha kwa kudumu. Tukimaliza mfuko wetu, watoto kumi na tisa watarudi chini ya mwembe. Tulipoligusia jambo hili katika matangazo ya Jumapili, tuliletewa ujumbe kwamba paroko aandae misa aache serikali ifanye kazi yake. Tunaheshimu ushauri huo, na misa tutaziandaa. Ila tutakwenda pia mkutanoni, tutakaa nyuma kama mwananchi mwingine, na tutauliza swali moja. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, nasi ni watu wa shibe, tunakula mara tatu kwa siku kwa sadaka zenu. Bila kuuliza hatutajua.

Jumatano tulikwenda kumwona yule mzee wetu nyumbani kwake, maana haikuwa haki kumwandika hapa bila yeye kujua. Tulimkuta akitengeneza ghala lake. Tulimsimulia habari za mjane na za vinyozi wa Bengali. Alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza, kisha akatusimulia ya kwake. Mwaka 1974, wakati nchi yetu ilipoagiza nafaka nyingi kutoka nje, yeye alikuwa kijana mdogo, na baba yake alitoa dume la ng’ombe akarudi na madebe mawili ya mahindi. Dume zima. Alisema mwenye mahindi hakuwa mwizi, bei ndiyo iliyokuwa hiyo, na baba yake hakuwa mvivu. Alikaa kimya kwa muda, halafu akatuuliza kama stoo ya kigango ina sakafu ya saruji au ya udongo.

Kikao kingine ni Jumapili ijayo ukumbini, mara baada ya Misa ya pili. Stoo ina sakafu ya udongo, na mzee ameahidi kuja na mizani yake.

Paroko wenu.